Nati ya tairi ikigoma, angalia spana imelalaje

Mtu akipata pancha, mara nyingi utamkuta anakanyaga wili spana iliyoelekea juu. Anatoka jasho, nati haisogei. Nguvu anayo, ila karibu yote inaishia kuigandamiza nati badala ya kuizungusha.

Kinachozungusha nati ni momenti, wengine huiita torki: kani zidisha umbali kutoka katikati ya nati hadi mstari wa kani, ukipimwa kwa pembe mraba. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi huyaruka. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa takriban nyutoni 600. Akikanyaga ncha ya spana ya sentimita 25 iliyolala sambamba na ardhi, anapata 600 × 0.25, yaani nyutoni-mita 150. Spana ikiinuka nyuzi 60, zinabaki 75. Ikisimama wima ni sifuri, hata apande na mwenzake.

Kwa hiyo legeza nati kabla ya kupiga jeki, tairi likiwa limekanyaga chini, la sivyo litazunguka pamoja na spana. Zamisha spana hadi mwisho ili isile kona za nati, ilaze upande wako wa kushoto, kisha kanyaga ncha. Ikigoma bado, chomeka bomba kwenye mpini wa spana ili urefu uongezeke. Kwa sentimita 60 kutoka katikati ya nati, uzito uleule unatoa nyutoni-mita 360.

Bomba hilohilo ndilo linalokata bolti wakati wa kufunga. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103 tu, na mtu akirukia bomba anazipita mara tatu bila kujua. Kama huna spana ya torki, ile inayopima momenti, tumia mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Shusha gari, laza bomba upande wa kushoto, pima sentimita 50 kutoka katikati ya nati, tia ndoano hapo, uvute wima kwenda juu taratibu hadi isome kilo 21: 21 × 9.8 × 0.5 ni karibu 103. Bomba likiwa zito ongeza kilo moja, maana lenyewe linavuta chini. Bomba likipanda kabla ya kufika 21, chomoa spana, ilaze upya, vuta tena.

Funga kwa kukingamanisha, yaani kutoka nati moja uende ya upande wa pili, si kwa kufuata duara. Na usipake oili kwenye meno ya bolti: msuguano ukipungua, momenti ileile inaivuta bolti kupita kiasi.