Lori la Kuchomeka Ukutani

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Kaka yangu anaendesha lori la dizeli Edmonton, Kanada. Alitutumia picha, waya wa plagi unaning'inia kwenye grili, tukamcheka kijiweni kwamba kapewa lori la kuchaji. Anasema ni hita ya injini. Huichomeka usiku kucha, bili inamuumiza. Tena juzi, baridi digrii 31 chini ya sifuri, lori liliwaka vizuri, likaenda kidogo, likazimika. Hita imekufa? Na je, akiniletea moja itafaa kwenye Fuso langu la korosho?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimcheke. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Injini inabana hewa mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta. Chuma kikiwa cha barafu, moto ule unanyonywa na kuta za silinda kabla mafuta hayajashika. Oili nayo imeganda kama uji wa muhogo uliolala, betri imelegea. Utapiga stata mpaka uchoke.

Hita yenyewe ni koili tu, ndugu yake ile tunayotumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Inakaa kwenye tundu ubavuni mwa bloku, imezama katika maji ya rejeta. Ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, bloku lote linapata uvuguvugu. Mimi nimekula miaka chumba cha injini melini kabla ya kurudi kufungua gereji hapa Chikongola. Kule injini kubwa hatuiwashi mpaka maji yake yafike digrii 50 hivi, hata kama meli imetia nanga kwenye joto la Mtwara. Kwa hiyo kaka yako hafanyi kioja.

Kosa lake ni usiku kucha. Saa tatu au nne kabla ya safari zinatosha. Baada ya hapo bloku halizidi kupata moto, anapasha hewa ya Kanada. Hita ya wati 1,000 kwa saa kumi inakula yuniti 10, kwa saa tatu yuniti 3. Anunue saa ya kuwashia umeme, aitegeshe alfajiri. Na ekstensheni iwe nene, ya kutumia nje. Ile nyembamba ya redio itayeyuka. Asubuhi ncha ya waya aifunge kwenye kioo cha pembeni, asije akaondoka na soketi ya watu.

Kuzimika njiani si hita. Ingekuwa imekufa, lori lisingewaka vizuri. Hita haifiki kwenye tangi, na dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda na kuziba filta. Injini inamaliza mafuta yaliyobaki kwenye bomba, inakata roho. Abadilishe filta, ajaze dizeli ya majira ya baridi, na dawa ya kuzuia kuganda aitie mapema, maana ikishaganda haisaidii.

Bado ana wasiwasi na hita? Achomoe waya, apime kwa mita kati ya pini mbili za umeme. Ya wati 1,000 kwa umeme wao wa volti 120 itasoma omu 14 hivi. Isiposoma kitu, imekatika.

Fuso lako? Masasi hiyo hiyo ninayoijua mimi? Likisumbua asubuhi angalia betri, kisha tafuta hewa inakoingilia kwenye njia ya dizeli. Hela ya hita mwambie akutumie ya betri.