Mkoba nyuma ya mlango: je, tiba inafaa kwa hofu yenye sababu?

Swali: Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Molo, kaunti ya Nakuru, Kenya. Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 12. Nyumba ya babu ilichomwa, tukalala siku nyingi kwenye uwanja wa kanisa. Sasa kila nikisikia habari za uchaguzi wa 2027 moyo unanienda mbio. Nyuma ya mlango nimeweka mkoba: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hatimiliki ya shamba, jaketi mbili, tochi. Usiku naamka kuukagua mara tatu, mara nne, halafu naingia kwenye simu kuangalia nani kasema nini kwenye mkutano gani. Mume wangu anataka tupande pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Mimi nataka viazi tu, maana viazi nitavichimba baada ya miezi mitatu na hakuna atakayenikuta navyo. Nilienda kwa mshauri nasaha, akaniambia mawazo yangu yamepotoka, nitafute ushahidi. Nikamwambia ushahidi ni majivu ya nyumba ya babu. Sikurudi. Tiba inaweza kusaidia ikiwa kinachoogopwa ni cha kweli? Na ni tiba gani? *Mama Wawili, Molo*

Jibu: Mama Wawili, kwanza mimi si daktari wa kuandika dawa, ni mwanasaikolojia. Jina hilo tunapewa na wateja na tumechoka kulikataa. Pili, ulimjibu mshauri wako vizuri.

Swali alilokuuliza linatoka kwenye tiba ya utambuzi na tabia, ile wengi wetu tunaiita CBT. Linamfaa sana mtu anayeamini kwamba akipanda lifti lazima ikatike. Huyo ukimuuliza ushahidi, hana. Wewe unao. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na Molo ilikuwa imeshaona moto mwaka 1992, kabla hujazaliwa. Kukwambia hofu hiyo ni upotofu ni kama kukuomba usahau. Mimi siwezi kukuahidi kwamba siku ya uchaguzi, tarehe 10 Agosti 2027, itapita salama. Mtaalamu anayekuahidi hivyo anabahatisha.

Lakini CBT si swali hilo moja. Wazo likiwa na ukweli ndani yake, tunaacha kubishana nalo, tunaangalia linakufanyisha nini. Kwa hiyo turudi kwenye mkoba.

Kuuandaa ilikuwa busara, na sitaki uufungue. Ila kazi yake iliisha siku ulipofunga zipu. Kuukagua saa nane za usiku hakuongezi hata cheti kimoja ndani. Kinachotokea ni hiki: unaamka moyo ukidunda, unafungua zipu, vyeti vipo, moyo unatulia kwa dakika chache. Hapo ubongo unajifunza kwamba mmepona kwa sababu ulikagua. Kesho unadai tena, kesho kutwa unadai zaidi. Na simu ni mkoba wa pili, tena huo hauna zipu: kila ukiufungua kuna kitu kipya ndani.

Basi mkoba ubaki pale pale, lakini ukaguliwe mara moja kwa mwezi, siku mliyopanga, mchana, mume wako akiwepo. (Jaketi za watoto zitakuwa zimewabana, kwa hiyo ukaguzi huo una maana.) Usiku hamu ya kuinuka ikija, baki kitandani. Moyo utapanda, utafika kilele, kisha utashuka wenyewe bila wewe kugusa zipu. Usiku wa kwanza ni mgumu. Simu nayo ilale jikoni.

Mchana, jipe muda maalumu wa kuhofia. Linasikika kama mzaha, lakini ni mbinu iliyofanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Chagua nusu saa, tuseme saa kumi na moja jioni, kiti kilekile kila siku, kisiwe kitanda. Wasiwasi ukija asubuhi, uandike neno moja kwenye daftari na uuambie ungoje jioni. Jioni ikifika, kaa uhofie kisawasawa. Wateja wangu wengi hushangaa kuona nusu saa ni ndefu kiasi gani.

Ukiwa kwenye kiti hicho, gawa uliyoandika mafungu matatu. Hii nimeichota kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa PM+, wa vikao vitano, uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii. Kuna shida unazoweza kuzifanyia kitu, kuna usizoweza, na kuna zisizo na uzito. Nani ataungana na nani Nairobi ni fungu la pili, na siku nyingine la tatu. Hatimiliki kuungua ni la kwanza: nakala moja ikae kwa ndugu aliye mbali. Fungu lenye utata ni lile la jirani wa kabila lingine. Watu wengi huliweka la pili: "wakija, sijui atasimama wapi." Mimi naliweka la kwanza. Nenda umwone, mnywe chai, mzungumze kuhusu 2008 kama hamjawahi. Huenda naye ana mkoba nyuma ya mlango.

Jambo moja nataka ulipime kabla ya haya yote. Je, harufu ya tairi linaloungua inakurudisha kwenye uwanja ule wa kanisa kana kwamba ni leo? Unaota yale yale? Kuna njia usiyopita kabisa kwa sababu yake? Ikiwa ndivyo, hicho ni kiwewe, na kinataka tiba yake: CBT inayolenga kiwewe, au ile ya EMDR ambapo unakumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Usikubali kutulizwa na vidonge vya usingizi vya dukani. Vya aina ya Valium mwili huvizoea haraka. Uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti, na mshauri yeyote utakayemwona umuulize kama amesajiliwa, maana sheria yetu ya 2014 inamtaka asajiliwe. Usiku ukizidiwa, au ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu; ni bure.

Sasa pareto. Hapo ndipo barua yako iliponigusa, na hapo CBT inaishiwa maneno. Wenzetu wa tiba ya kidhanaishi wanasema hofu ya kufa, ya kuamua, ya kuwa peke yako na ya kukosa maana si magonjwa. Ni masharti ya kuwa mtu, na mshauri hayaondoi, anakaa nayo pamoja nawe. Viazi vya miezi mitatu vinasema: mimi hapa ni mpita njia. Pareto, inayokaa shambani miaka mitatu au zaidi, inasema: hapa ni kwangu. Mume wako anadhani mnabishana kuhusu zao la biashara. Mwambie si hilo, mwambie unachoogopa kukisema ukishika jembe. Kisha jiulize: ningekuwa na hakika ya amani, kesho asubuhi ningefanya nini? Chochote utakachojibu, chukua kipande chake kidogo ukifanye bila kuingoja hakika hiyo.

Ningekuwa mimi ndiye mshauri wako, kazi yako ya wiki ya tatu ingekuwa kwenda na mume kupima robo ekari ya pareto, upande ule msioweza kuuona mkiwa mlangoni. Kwingine endelea na viazi.