Visanamu Vichache Vinatosha Kampeni Nzima

Karibu kila anayeanza kuendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja na msimulizi anaongoza hadithi) au vita vya mezani huniuliza: ninunue visanamu vingapi, yaani vile vidoli vidogo vya askari na viumbe vinavyowekwa mezani? Jibu langu halijabadilika. Nunua vichache kuliko unavyofikiri, vipake rangi vyote, kisha virudishe mezani tena na tena mpaka wachezaji wavizoee sura. Kisanamu kilichopigana mwaka mzima kwenye kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao, kinawagusa watu kuliko sanduku jipya la visanamu arobaini ambavyo hakuna anayevijua.

Ninaishi Saint Paul, Minnesota, na meza yetu ni ya Waswahili kutoka huku na huku: Mombasa, Tanga, Bujumbura. Mji huu na pacha wake, Minneapolis, una historia yake katika jambo hili. Hapa ndipo David Wesely alipoendesha mchezo wake wa Braunstein mwaka 1969, ambapo wachezaji waliacha kuongoza majeshi na kila mmoja akapewa mtu mmoja wa kumwigiza. Dave Arneson alikuwa kwenye kundi hilo, na mwaka 1971 akaanzisha kampeni yake ya Blackmoor. Mwaka huohuo, kule Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya visanamu zenye nyongeza ya wachawi na majoka. Mito hiyo miwili ilikutana mwaka 1974, Gygax na Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Juu ya kisanduku chake cha kwanza visanamu vimetajwa kabisa, lakini ukifungua kanuni zenyewe unaambiwa si lazima. Vinapendeza macho tu.

Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wanaona aibu kuanza bila visanamu rasmi vya dukani. Gygax mwenyewe alinunua mfuko wa vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, wanyama wa ajabu wasiofanana na kitu chochote, akawaweka mezani. Kimojawapo ndicho kilichozaa yule mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu, na kingine yule nusu bundi nusu dubu. Leo wote wawili wana visanamu vyao rasmi vinavyouzwa dunia nzima. Kinyago cha mwanao kinaweza kuwa zimwi zuri sana kwa Jumamosi moja, na pengine kwa miaka.

Sasa, lini uvitoe? Kisanamu kina kazi moja kubwa: kuonyesha nani yuko wapi. Daraja ambalo linapitisha mtu mmoja tu. Mpiga mishale aliyejificha juu ya mnara. Mchawi anayetaka kurusha mpira wa moto bila kuwachoma wenzake. Mpira huo unasambaa futi 20 kutoka katikati, na kwa kuwa mraba wa inchi moja kwenye ramani ya mezani huhesabiwa futi 5, hiyo ni miraba minne kila upande. Bila visanamu hapo patazuka ubishi, kila mtu akiapa kwamba yeye alikuwa nyuma ya nguzo. Visanamu vikiwepo, mnahesabu na mnaendelea.

Lakini mazungumzo na mfalme, safari ya msituni, uchunguzi wa mauaji, hayo yaendeshe kwa mdomo. Nimeona mara nyingi: visanamu vikishawekwa tu, watu wanaacha kumtazama msimulizi usoni na kuanza kuhesabu miraba. Sauti zinapungua. Yule dada aliyekuwa anamwigiza kuhani wake kwa hisia zote sasa anasema tu, "nasogea sita." Kwa hiyo mimi huviacha ndani ya kopo, na kopo lenyewe nalifunika. Wachezaji wakichungulia na kuona misukule kumi imejipanga, hakuna atakayeshangaa makaburi yakifunguka.

Jambo dogo linaloleta nafuu kubwa ni vitako, yaani vile vibao vinavyosimamisha visanamu. Paka ukingo wa kila kitako rangi yake: goblini (kiumbe kidogo kiovu cha hadithi) mmoja mwekundu, mwingine buluu, mwingine njano. Basi mchezaji hasemi tena "nampiga yule, siyo huyo, yule wa nyuma yake." Anasema "nampiga mwekundu," na wewe kwenye daftari lako unaandika majeraha ya mwekundu. Hata kwa goblini sita wanaofanana kabisa, mabishano yanakwisha siku hiyohiyo. Vitako vyangu ni washa za chuma (vile vipete bapa vinavyowekwa chini ya nati) za inchi moja kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ni nzito, hazianguki meza ikigongwa, na zinaingia mrabani sawasawa. Majitu makubwa yanahitaji angalau inchi mbili kwa mbili, na ukiwapunguzia nafasi hiyo ili watoshe kwenye chumba chako kidogo, utakuwa umewanyang'anya ukubwa wao.

Kisha kuna hili la kurudi. Kwenye kampeni yetu kulikuwa na kapteni wa goblini, kisanamu cha kawaida tu, aliyekimbia vita vya darajani akiwa amejeruhiwa. Baada ya wageni kuondoka nilichukua kisu, nikakata kona ya ngao yake, nikamchora mstari mwembamba wa waridi kutoka jichoni hadi kidevuni. Kampeni ikaendelea, watu wakamsahau. Miezi kadhaa baadaye kundi lilifungua mlango wa ngome kimyakimya, nikaanza kuweka walinzi mmoja mmoja, na wa mwisho akawa yeye. Sikumtaja. Yule dada wa kuhani akainama mpaka pua ikakaribia meza. "Huyu si yule wa darajani?" Palepale mpango wao wa kupita bila kelele ukavunjika, maana kila mtu alitaka yeye ndiye ammalize. Hakuna maelezo ya maneno ambayo yangefanya kazi ile kwa haraka namna hiyo.

Fanya hivyohivyo kwa mashujaa. Aliyepoteza upanga, ukate. Aliyepewa joho na malkia, lipake rangi ya malkia. Rangi ni nafuu kuliko kisanamu kipya, na mchezaji atakiangalia kisanamu chake kama kitu kilichoishi.

Kampeni ikifika kwenye vita vya majeshi, usikimbilie kununua mamia. Kwenye Chainmail, katika mapambano makubwa kisanamu kimoja kilisimama badala ya watu 20. Kwa hesabu hiyo visanamu kumi ni watu mia mbili, jeshi la kutosha kwa mtawala wa kijiji. Sisi tuna kanuni moja tunayoithamini sana: vita vikiisha, nusu ya visanamu vilivyoondolewa mezani hurudi, maana walikuwa majeruhi, na nusu nyingine haionekani tena mpaka mchezaji aajiri askari wapya kwa fedha yake. Tangu tuanze kuifuata, hakuna anayetupa watu wake hovyo, na kurudi nyuma kumekuwa uamuzi wa heshima.

Kuhusu rangi nitasema machache, kwani mafunzo yapo tele. Ongeza maji kidogo na upake mara mbili, nyembamba. Tabaka moja nene linaziba macho na mikunjo ya nguo. Rangi ya kwanza ya kunyunyizia haipendi baridi, na huku kwetu ukikosa kuimaliza kabla ya Novemba utasubiri hadi majira ya kuchipua. Ndugu zangu wa pwani mna tatizo la pili: unyevunyevu. Vanishi ya kunyunyizia ikikutana na hewa nzito huacha ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Tumia ya kupaka kwa brashi na utalala salama.

Visanamu vya zamani vya chuma vinavyouzwa mitumba vingi vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usivipige msasa ndani ya nyumba, nawa mikono ukimaliza, na usimpe mtoto mdogo achezee.

Kwa kuanzia ningenunua hivi: kimoja kwa kila mchezaji, na mwache achague mwenyewe, goblini sita, misukule sita, majitu mawili. Joka lisubiri mpaka kundi lisikie habari zake vijijini, lione mashamba yaliyoungua, na lianze kuuliza linaishi wapi. Hapo linunueni pamoja, mchangiane, mlipake rangi kwenye meza ileile litakaloshukia.