Bakteria wanatoa mafuta kweli, ila usianze na mafuta

Mleta uzi kauliza hivi, kwa kifupi: ana shahada ya mikrobiolojia, yuko Morogoro, molasi anaipata jirani, na amesoma kwamba bakteria wakibadilishwa jeni wanatoa mafuta ya gari. Je, aanzishe kiwanda kidogo, au kwanza akasome masta nje? Wengi humu wamemjibu kwa "haiwezekani" au "Mungu akutangulie". Mimi nimefanya kazi distilari ya molasi, baadaye miaka kadhaa kwenye kampuni ndogo Uholanzi iliyokuwa inatengeneza isobutanoli (alkoholi inayoweza kutumika kama mafuta ya gari) kwa E. coli, bakteria wa utumboni. Sikuwa upande wa jeni, nilikuwa upande wa matangi, na jibu langu ni la mtu wa matangi.

Mkuu, inawezekana, tena kitambo. Lonnie Ingram wa Chuo Kikuu cha Florida alichukua jeni mbili za Zymomonas mobilis, bakteria ambaye hata kwenye tembo la mnazi yumo, akazipandikiza kwa E. coli, naye akaanza kutoa ethanoli kwa wingi. Hataza yake (hati ya kumiliki ugunduzi) ya 1991 ndiyo ya Marekani namba 5,000,000. Mwaka 2008 kundi la James Liao pale UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, likafanya jambo la kijanja zaidi. E. coli hujitengenezea valini, moja ya asidi amino, kwa ajili ya protini zake. Wao waliichepusha njia hiyo kabla haijafika mwisho, wakaweka kimeng'enya (protini inayogeuza kemikali moja kuwa nyingine) kimoja kutoka Lactococcus, bakteria wa maziwa, na kingine kutoka kwenye hamira, ikatoka isobutanoli. Hiyo inachanganyika na petroli vizuri na haivuti maji kama ethanoli.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ndoto nyingi zinapoishia. Kemia yenyewe imeweka kikomo: kilo moja ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 411 za isobutanoli, hata bakteria wako awe malaika. Inayobaki inaondoka kama hewa ukaa na maji. Lita moja ya isobutanoli ina uzito wa gramu 800 hivi. Maana yake lita moja inakula karibu kilo mbili za sukari, na hapo bakteria hajala chochote cha kukuza mwili wake. Pita dukani ulize bei ya kilo ya sukari, kisha pita kituo cha mafuta. Utasema utatumia molasi. Sawa, lakini nusu tu ya molasi, au pungufu, ndiyo sukari, na hiyo molasi inagombaniwa na wafugaji na watengeneza pombe kali. Ukianza kununua wewe, bei inapanda.

Halafu kuna sumu. Isobutanoli inalegeza utando wa seli ya huyo huyo anayeitengeneza. Ikifika karibu asilimia moja ya mchuzi, yaani yale maji ya tangini wanamokua bakteria, E. coli anaanza kulemewa. Kundi la Liao lilifika gramu 20 na kidogo kwa lita, na zilikuwa sifa kubwa. Lakini weka hiyo kwenye tangi la lita elfu moja: una kilo ishirini za bidhaa, zilizobaki ni maji, chumvi na mizoga ya bakteria. Kila tone la bidhaa lazima ulitoe humo kwa mvuke au kwa kupitisha gesi ibebe ile isobutanoli, kisha uipoze. Sisi tulitumia gesi. Bili ya nishati ndiyo ilikuwa ajenda ya kila kikao, jeni hazikutajwa kabisa.

Na usidhani tangi likishaanza limeanza. Seli inayotengeneza bidhaa inabeba mzigo, kwa hiyo inakua polepole. Ikitokea mojawapo imeharibika jeni na kuacha kazi, hiyo mvivu inakua haraka kuliko wenzake. Kutoka mililita moja ya mbegu hadi tangi la lita 100,000 seli zinajigawa mara 27 hivi, na wavivu wana muda wa kutosha kutawala. Maabara wanazuia kwa antibayotiki inayoua seli iliyopoteza jeni ulizoiwekea. Kiwandani gharama haikuruhusu, na maji taka yako yatapigwa marufuku. Inabidi jeni zichomekwe kwenye kromosomu yenyewe, uzi mkuu wa jeni za seli, ili zisipotee kirahisi.

Kuna usiku siusahau. Mchuzi ulikuwa mzito, rangi ya chai ya maziwa, mita ya oksijeni iko chini kama inavyotakiwa, maana seli zinapumua kwa nguvu. Saa nane hivi mita ikaanza kupanda. Kawaida ikipanda ujue sukari imekwisha, lakini pampu ya sukari ilikuwa inasukuma. Pampu ya amonia, ambayo hulia kila baada ya muda kurekebisha pH, ikanyamaza. Povu likapanda hadi kwenye kichujio cha hewa. Nilipovuta sampuli, mchuzi haukuwa mzito tena, ulikuwa mwangavu, umebaki na nyuzinyuzi zinazoelea. Hao ni faji, virusi wa bakteria. Mmoja akiingia kwenye seli wanatoka makumi kwa mamia, seli inapasuka. Tuliua tangi zima kwa mvuke, tukasugua hadi vitasa vya milango, na bado walirudi mpaka tulipobadilisha aina ya bakteria. Na si sisi tu. Kiwanda cha Germiston, Afrika Kusini, kilichotengeneza asetoni na butanoli kwa bakteria Clostridium na molasi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nacho kiliwahi kusumbuliwa na faji. Kile kilitumia bakteria wa asili, hakuna jeni iliyoguswa.

Kampuni yetu haikuuawa na faji, iliuawa na soko. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 likawa chini ya 30. Ukiuza mafuta, bei yako inapangwa na watu wanaochimba, siyo wewe.

Ndiyo maana nasema kimbilia kemikali. Mfano ninaoupenda ni 1,3-propanedioli, kemikali ya kutengenezea nyuzi, ya kampuni za DuPont na Genencor. E. coli yao ana jeni za hamira zinazogeuza glukosi kuwa gliseroli, na za bakteria mwingine, Klebsiella, zinazoendeleza kutoka hapo. Hatua ya mwisho walikusudia itumie kimeng'enya cha Klebsiella, wakagundua E. coli alikuwa tayari na chake, YqhD, kinachofanya vizuri zaidi, na hakuna aliyekiweka. Kiwanda kilianza 2006 huko Loudon, Tennessee. Bidhaa haimdhuru bakteria sana, kwa hiyo inapita gramu 100 kwa lita, na inaishia kwenye mazulia na nguo, ambako mnunuzi analipa bei nzuri kuliko ya petroli. Sukari ile ile, mdudu yule yule, hesabu tofauti kabisa.

Kuhusu masta: nenda, lakini usichague kozi ya kukata na kuunganisha jeni tupu. Tafuta uhandisi wa michakato ya kibayolojia, yenye somo la utenganishaji na tangi halisi la kushika kwa mikono. Wenye kujua jeni ni wengi. Anayejua kwa nini povu limepanda saa nane usiku anatafutwa.

Ukiamua kubaki Morogoro, anza na ethanoli ya hamira ya kawaida. Bakteria wa jeni zilizobadilishwa atakudai kibali chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, na mtaji wako utakwisha ukisubiri. Hamira haikudai hicho. Ila kabla hujanunua hata bomba moja, leta hapa jibu la swali hili: vinasi utaimwaga wapi? Kila lita ya ethanoli ya molasi inaacha lita kumi hadi kumi na tano za vinasi, yaani maji meusi, ya moto, yenye asidi, na yakiingia mtoni yanamaliza oksijeni na samaki wanaelea. Taja umbali wa eneo lako na mto, na ekari ulizonazo, tupige hesabu ya mabwawa.