Huna meza ya leza? Anza kwa fundi vespa

Juzi nimepokea ujumbe wa mwanafunzi wa fizikia, yuko mwaka wa mwisho hapa Unguja, anavutiwa na fotoniki, yaani elimu ya kuongoza na kutumia nuru. "Shikamoo mwalimu. Nataka mradi wangu uwe wa fotoniki, lakini nimeambiwa nibadilishe mada kwa sababu hatuna maabara ya leza. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Usibadilishe. Neno "hatuna" limeshazima miradi mingi mizuri, na kila nikilisikia linaniuma, kwa sababu aghlabu kinachokosekana si kifaa. Anakosekana mtu wa kukaa na mwanafunzi akamwonesha pa kuanzia. Basi nakujibu wewe, na wenzako wa chuo cha Tunguu, na wa Pemba wanaotamani hili hili. Pendekezo la utafiti na saini za idara naziruka, hizo mnazijua.

Mradi ninaokupa ni interferometa ya Michelson ya kupimia jinsi hewa inavyopinda nuru. Kioo cha kugawa mwali kinaugawa mwali wa leza sehemu mbili, kila sehemu inakwenda kwenye kioo chake na kurudi, kisha zinakutana ukutani na kutoa mistari ya mwangaza na giza. Ukibadilisha njia ya mwali mmoja, mistari inatembea. Humo mna kila kinachotakiwa na fotoniki kubwa: kupanga miali, kutuliza mtikisiko, kuhesabu mawimbi, na kutoa namba inayoweza kuhojiwa.

Tuanze na meza, kwani ndiyo iliyokutisha. Michelson na Morley mwaka 1887 waliweka vioo vyao juu ya bamba la jiwe lililoelea katika zebaki. Zebaki ni sumu, iache. Nenda kwa wanaotengeneza meza za jikoni uombe kipande cha graniti kilichobaki, sentimita 60 kwa 60. Kisha kwa fundi vespa, tyubu kuukuu isiyovuja. Ijaze nusu tu, ilaze juu ya sakafu ya chini kabisa ya jengo, weka graniti juu yake. Tyubu iliyojaa sana inakuwa ngumu na kupitisha mtikisiko wote. Iliyo tepetepe inafanya jiwe liinamie upande. Bonyeza pembe kwa kidole: jiwe lizame kidogo, lipande polepole, litulie baada ya mara mbili tatu. Zima pangaboi. Mwambie mwenzako asibamize mlango.

Vioo vya kujitazamia havifai. Rangi yao ya fedha iko nyuma ya kioo, hivyo mwali unarudi mara mbili, mmoja kutoka juu ya kioo na mmoja kutoka nyuma. Unataka kioo kilichopakwa mbele, nacho kimo ndani ya mashine mbovu za fotokopi na skana. Ukikipata, gusisha ncha ya penseli pembeni: ncha ikikutana na taswira yake bila ya mwanya, ndicho. Fundi vioo atakikatia vipande vya sentimita 3. Mwambie aufunike upande uliopakwa kwa karatasi laini. Gundisha kila kipande juu ya ubao mdogo wenye skrubu tatu na springi, ili uweze kukiinamisha kidogo kidogo.

Cha kugawia mwali ni kioo cha slaidi ya hadubini, kikae nyuzi 45. Wengi wanakidharau kwa kuwa kinarudisha nuru kidogo. Fuata hesabu: mwali wa kwanza unarudishwa kisha unapenya, wa pili unapenya kisha unarudishwa. Yote miwili inapungua sawasawa, kwa hiyo mistari inakuwa hafifu kwa mwanga lakini bado imetofautiana vizuri, weusi ni weusi. Jambo moja tu: nuru ya leza ya diodi inatikisika upande mmoja. Ikitikisika wima, kila uso wa slaidi unarudisha karibu asilimia 10. Ikilala, asilimia 1 tu. Basi zungusha leza ndani ya kishikio chake hadi nukta inayorudishwa iwe kali kuliko zote. Slaidi ina nyuso mbili, utaona nukta za ziada. Chagua jozi moja, nyengine zizibe kwa karatasi nyeusi.

Leza iwe nyekundu, ya nanomita 650, iliyoandikwa miliwati 5 au chini yake. Za kijani za bei rahisi ziepuke: kijani chake kinatokana na nuru isiyoonekana, na zilizokosa kichujio huivujisha, jicho lisijue linachomwa. Hata nyekundu, vua saa, pete na bangili, miali yote ipite kimo kimoja, na usiinamishe uso kufikia kimo hicho hata mara moja. Umeme wetu unakatika, kwa hiyo wengi hukimbilia pawabanki. Pawabanki inajizima yenyewe ikiona mzigo ni mdogo, na leza hii inakula kidogo mno. Tumia betri tatu za kawaida, volti 4.5, kwa leza inayokubali volti hizo. Iwashe dakika 15 kabla ya kupima.

Mikono miwili ya interferometa, yaani njia kutoka slaidi hadi kila kioo, iwe na urefu sawa, tofauti isizidi milimita chache. Leza za diodi za rahisi hazishikani mawimbi kwa umbali mrefu, na mikono ikipishana sana hutaona mstari hata mmoja. Panga kwanza bila ya lenzi: skrubu za kioo kimoja zizungushe hadi nukta mbili ukutani zilaliane. Hapo ndipo uweke lenzi fupi, ya jicho la hadubini inatosha, kuutanua mwali. Mistari ikitokea kisha ikarukaruka bila ya sababu, tazama mwali unaorudi: ukiingia tena ndani ya leza unaivuruga. Uinamishe kidogo uanguke pembeni ya tundu.

Sasa kikopo cha hewa. Kata bomba la maji la plastiki, sentimita 5, ncha zote mbili zinyooke. Toboa ubavuni uingize mpira mwembamba, ziba ncha kwa slaidi mbili na gundi ya epoksi, acha saa 24. Mpira uunganishe na pampu na saa ya mashine ya kupimia presha, ile ya mkono. Jaza hadi saa isome 200, yaani milimita za zebaki, kizio cha presha. Ikishuka zaidi ya 2 katika dakika mbili, kikopo kinavuja. Ziba upya, usijidanganye. Kiweke katika mkono mmoja wa interferometa. Pampu ikae nje ya graniti na mpira ulale juu ya sponji, la sivyo kila ukiminya unaitikisa meza.

Jaza, kisha subiri nusu dakika. Hewa iliyobanwa hupata moto, na ukihesabu ikiwa ya moto unapima jambo jengine. Fungua vali kidogo sana, hewa itoke kwa sekunde 40 hivi, rekodi ukuta kwa simu. Kutoka 200 hadi 0 utaona mistari kama 10 na nusu ikipita. Mwali unapita kikopo mara mbili, hivyo idadi ya mistari mara urefu wa wimbi, ugawe kwa urefu wa kikopo mara mbili, ndiyo badiliko la n, namba inayoeleza jinsi hewa inavyopinda nuru. Zidisha kwa 760, ambayo ni presha ya kawaida ya hewa, gawa kwa 200. Katika chumba cha nyuzijoto 28 tegemea n ya hewa izidi 1 kwa karibu 0.000264. Mvuke wa hewa yetu unaipunguza kwa chini ya nusu asilimia, usikuumize kichwa.

Usiiamini namba 650 iliyoandikwa kwenye leza. Pima. Chukua gretingi, kipande chenye mistari myembamba inayoigawa nuru katika nukta, ya mistari 500 kwa milimita, ukuta umbali wa mita 1, nukta za kwanza za kulia na kushoto ziachane karibu sentimita 68.7. CD pia inafanya kazi, ila nafasi ya nyimbo zake ni mikrometa 1.6 na inaruhusiwa kupishana 0.1, kwa hiyo hitilafu ya asilimia 6 umeikubali kabla hujaanza.

Na hapa nasema kwa uchungu, wanafunzi na walimu wenzangu: ripoti inayosema "matokeo yanakubaliana na nadharia" bila ya kutaja ukubwa wa hitilafu haisemi kitu. Kaa uzihesabu. Kalipa, kipimio cha urefu wa kikopo, inakosea milimita 0.1 katika milimita 50, ni kidogo. Saa ya presha inakosea 3 katika 200, asilimia 1.5. Ukikosa robo ya mstari katika 10, ni zaidi ya asilimia 2. Basi jasho lako limwage kwenye kuhesabu: pima mara 10 kwa presha tofauti, chora grafu ya idadi ya mistari dhidi ya presha, chukua mteremko. Ukirefusha kikopo hadi sentimita 10, mistari inakuwa mara mbili na kosa la robo linapungua nusu. Mwalimu anayempa mwanafunzi alama kwa namba iliyonakiliwa kitabuni anamfundisha kusema uongo, na anamfundisha akiwa mdogo.

Lipo adui jengine ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitaji: unyevu wetu na chumvi. Kuvu inaota juu ya lenzi unyevu ukikaa juu ya asilimia 70, na kwetu masika yote uko juu ya hapo. Ikishaota inakula kioo, haifutiki. Lenzi na vioo vilale ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo; lenga asilimia 40 hadi 50. Silika jeli ikigeuka rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, irudishe. Kitu kilichotoka chumba cha kiyoyozi kiache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka kipate joto la nje, la sivyo kitatoka jasho papo hapo. Kusafisha: puliza vumbi kwa pampu ya mpira, kisha karatasi ya lenzi yenye tone la alkoholi ya asilimia 99, buruta mara moja tu. Ile ya kunawia mikono ina maji na manukato, inaacha madoa. Vioo vilivyopakwa mbele na gretingi pulizia tu, usiviguse, na pindo la kanga lisikaribie.

Wiki hii kamata vioo vya fotokopi na ukate bomba, maana epoksi inataka siku yake. Nukta mbili zikishalaliana, niandikie, unitajie umbali wa gretingi yako na ukuta, tuanze na urefu wa wimbi.