Modeli ya mvutano: pale biashara inapoachana na fizikia

Ukiandika tasnifu kuhusu biashara ya nje, hutakaa sana kabla ya kukutana na modeli ya mvutano. Umbo lake ni la Newton: zidisha Pato la Taifa la nchi mbili, gawanya kwa umbali kati yake, upate makisio ya biashara. Mchumi wa Uholanzi Jan Tinbergen, aliyeitumia mwaka 1962, alikuwa amesomea fizikia Leiden chini ya Paul Ehrenfest. Majibu ya modeli hii hukaa karibu sana na takwimu halisi, na hapo ndipo watu huiamini mapema mno.

Tofauti ya kwanza na fizikia ni nyepesi. Newton anagawanya kwa mraba wa umbali, kwa kuwa nguvu husambaa juu ya eneo la tufe. Biashara haina sababu hiyo. Tafiti nyingi hupata kipeo cha umbali kinachokaribia 1: umbali ukizidi kwa asilimia 10, biashara hushuka kwa takriban asilimia 10. Ukipata 3 au 0.1, kagua data yako kabla ya kutafuta maelezo.

Tofauti ya pili ndiyo inayoharibu tasnifu. Mvutano kati ya Dunia na Mwezi haupungui kwa kuwa Mshtarii nayo ipo. Lakini biashara ya Australia na New Zealand ni kubwa kwa sababu pia nchi hizo ziko mbali na wengine wote. Ukisahau hao wengine, majibu yanapotoka vibaya. Mwaka 1995 John McCallum alikadiria kwamba majimbo ya Kanada yanafanya biashara yenyewe kwa yenyewe mara 22 zaidi ya yanavyofanya na majimbo ya Marekani. Mwaka 2003 James Anderson na Eric van Wincoop waliingiza ugumu wa kila upande wa kufanya biashara na dunia nzima, wakaona kwamba mpaka hupunguza biashara ya nchi hizo mbili kwa takriban asilimia 44. Bado ni pengo kubwa, ila si lile la mwanzo.

Dawa yake ni hii: kila nchi inayouza, kwa kila mwaka, ipewe kigeu chake cha 0 na 1, kila nchi inayonunua vilevile. Ukifanya hivyo programu italitupa Pato la Taifa. Usihangaike kulirudisha, limeshamezwa na vigeu hivyo. Kinachobaki kupimwa ni mambo ya nchi mbili kwa pamoja: umbali, mpaka, lugha, mkataba.

Kisha kuna sifuri. Jozi nyingi za nchi za Afrika haziuziani kabisa bidhaa fulani, ilhali modeli hii kwa kawaida hupimwa kwa logi (logarithm) ya biashara, na logi ya sifuri haipo. Wengine hujumlisha 1 kila mahali. Jaribu hilo kwa dola, kisha kwa maelfu ya dola: utapata majibu tofauti kwa data ileile, na hiyo inatosha kuiacha njia hiyo. Tumia regresheni ya Poisson, inayokubali sifuri bila kuchukua logi ya biashara, kama João Santos Silva na Silvana Tenreyro walivyopendekeza mwaka 2006. Thamani si lazima ziwe namba kamili. Kwenye programu ya takwimu ya R amri yake ni fepois, kwenye Stata ni ppmlhdfe. Makosa sanifu (standard errors) yakusanye kwa jozi ya nchi (clustering).

Kusoma jibu nako kuna mtego. Kigeu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kikitoa 0.7, usiandike asilimia 70. Jibu liko kwenye logi, na namba e (msingi wa logi asilia) kwa kipeo cha 0.7 ni 2.01, kwa hiyo biashara imeongezeka kwa karibu asilimia 101.

Upande wa data, chagua takwimu za uagizaji au za uuzaji, usichanganye. Uuzaji huhesabiwa kwa bei ya FOB, yaani bila nauli na bima ya safari, uagizaji kwa CIF, yaani pamoja na nauli na bima. Forodha huwa makini zaidi na mzigo unaoingia kwa sababu una ushuru, ndiyo maana wengi huanzia huko. Angalia pia toleo la misimbo ya HS, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa kwenye forodha. Karafuu zilikuwa 090700. Toleo la 2012 likazigawa kuwa 090710 kwa nzima na 090720 kwa zilizosagwa. Atakayevuta msimbo wa zamani pekee ataona karafuu za Zanzibar zikitoweka ghafla. Vuta tarakimu 4, 0907, tatizo liishe.

Mahali bidhaa inapoandikwa kwenda si lazima ifike huko. Shaba ya Zambia imeandikwa kwa miaka mingi kuwa inauzwa Uswisi, kwa kuwa wanunuzi wana ofisi huko. Shaba yenyewe husafirishwa kwingine. Na mahindi na maharage yanayovuka mipaka yetu kwa baiskeli hayafiki kwenye fomu za forodha. Uganda hufanya utafiti wake wa biashara hiyo isiyo rasmi mipakani. Ukiandika kuhusu nafaka, soma takwimu hizo kando ya za forodha kabla hujasema kwamba mkataba fulani haukuleta kitu.