Moshi Ukitoka Chini ya Boneti

SWALI: Assalaamu alaykum. Mwezi uliopita nilikuwa narudi Wete kutoka Chake Chake kwa gari ya abiria, na tukiwa njiani moshi ukaanza kupenya ndani kutokea mbele. Dereva alisimamisha gari pembeni, akakimbilia kufungua boneti, na moto ukamrukia; tunashukuru Mungu kwamba aliungua mkono tu. Abiria wengine walirudi ndani kuchukua mizigo yao, na wanakijiji wakaja na ndoo za maji. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulikuwepo chini ya kiti, lakini hakuna aliyeugusa. Tangu siku ile kila mtu anatoa hukumu yake. Lipi lilikuwa sawa na lipi lilikuwa kosa?
Mama wa watoto watatu, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mama, na pole kwa mtihani huo. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa ni boneti. Moto ulio chini ya boneti iliyofungwa hupata hewa kidogo, na hapohapo kuna mafuta na oili ya moto inayosubiri; anayeinua boneti kwa nguvu huupelekea hewa kwa mkupuo, nao humjia yeye usoni na kifuani. Iliyompasa dereva ni kuzima injini mara tu gari iliposimama, kwa sababu katika gari nyingi za petroli pampu ya mafuta husita injini inapozimwa, kisha kuvuta hendibreki na kuteremsha watu, wanaoweza wakashukia kushoto ili wasiingie katika njia ya gari nyengine.

Wakishateremka, wasisimame kutazama. Umbali wa mita 30 ndio wa chini kabisa, na wakae upande ule upepo unakotokea. Gari hailipuki kirahisi kama inavyooneshwa katika filamu, lakini mipira hupasuka, na vyuma vyenye gesi vinavyoshikilia boneti au mlango wa nyuma huweza kuruka kama mshale.

Kuhusu waliorudi kuchukua mizigo, sina maneno ya kuwatetea. Sponji na plastiki za viti zikiungua hutoa hewa za sumu, ikiwemo kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mtu huweza kulegea kabla ya kuukuta mkoba wake.

Wanakijiji hawakukosea kabisa. Maji hufaa kwa viti na mipira, ila hayafai kwa petroli, kwani lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 750 hivi na kwa hiyo huelea juu ya maji ikiendelea kuwaka, mpaka ikafika mtaroni. Kwa mafuta yaliyomwagika chini, mchanga ni bora zaidi. Na kabla ya ndoo yoyote, mtu mmoja apewe kazi ya kuwapigia Zimamoto, akitaja kijiji na alama iliyo karibu, iwe skuli au msikiti.

Mtungi mdogo wa unga wa kilo 1 humalizika kwa sekunde 10 hivi, basi ni wa moto unaoanza tu. Boneti isiinuliwe, unga upulizwe kupitia uwazi wa mbele au kutokea chini, na anayepuliza awe na njia ya kukimbilia nyuma yake. Ukimalizika na moto bado upo, aiache gari iungue. Mtungi ukae karibu na dereva, mshale wake ukiwa katika rangi ya kijani, wala usifichwe chini ya mizigo ya abiria.

Hukuuliza, lakini siwezi kulinyamazia dumu la petroli ya mashine ya boti, linalopakiwa baina ya miguu ya watu kila siku. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu; na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutanda sakafuni, mahali panapoangukia kipande cha sigara. Utingo anayekataa dumu hilo asionekane mkorofi.

Ama mkono ulioungua, dawa yake ya kwanza ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala samli. Pete na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, na malengelenge yasitumbuliwe hadi daktari ayaone.